Pedali Mbili na Mkono wa Mume Wangu

Wiki iliyopita mlinitukana, nami nimepokea. Mama mmoja alinisimamisha mbele ya duka la dawa, gazeti kwapani, akaniambia, "Bibi, wewe una roho ya kutu." Nikamwuliza kama anataka niendelee kusimulia au niishie pale. Akasema niendelee, tena nisichelewe. Kumbe kutu nayo ina wateja.

Kwa aliyepitwa, hali ni hii.

Mume wangu wanamwita Kidole. Mchana alikuwa fundi redio, jioni mpiga gita, miaka arobaini. Macho yake yalipoanza kuona nyaya mbili palipo na mmoja, mimi nikakalia kiti chake. Sijasoma zaidi ya shule ya msingi, lakini mkono wangu hautetemeki, na solda haiombi cheti.

Kitu alichokipenda kuliko mimi ni pedali yake ya kijani. Ni kikasha cha chuma kinachokaa sakafuni. Waya wa gita unaingia upande mmoja, wa amplifaya unatokea upande wa pili. Ukikikanyaga, gita linapata mkwaruzo, kama mtu aliyemaliza kulia akaanza kuzungumza.

Mimi nilikuwa nawatengenezea vijana wa mtaa mzima kopi za pedali hiyo. Sasa siku moja Kidole na rafiki yake Besi, yule mnene mpiga gita la besi walioanza naye bendi wote wawili hawajaota ndevu, wakakaa kibarazani kwangu wakisema kopi haina roho. Wanasema hivyo huku wanakunywa chai yangu. Na sukari wanaongeza!

Basi nikawaandalia utani. Nikaifungua ile ya kijani, nikatoa matumbo yake na kuyatia kwenye kasha jipya nililolipaka rangi nyekundu ya kucha. Matumbo ya kopi yangu nikayafunga ndani ya kasha la kijani. Nilitaka wiki moja tu. Apige wiki nzima bila kujua, kisha nimwumbue mbele ya Besi, tucheke mpaka mbavu ziume.

Alipiga mara moja. Alirudi kutoka ukumbini, akakaa kitandani na viatu vyake, akaniambia, "Bi mkubwa, mkono umekufa."

Mwaka ule kiharusi kidogo kilikuwa kimempitia upande wa kulia. Daktari alisema amepona. Usiku ule Kidole akaamua daktari alikosea. Akalisukuma gita uvunguni mwa kitanda. Nami nikanyamaza.

Hapo ndipo tulipoishia. Sasa nieleze kwa nini nilinyamaza, maana wiki iliyopita nililikwepa hilo na mkanikamata.

Kwanza, kopi yangu nilikuwa nimeipima. Niliipiga ya kwake, nikaipiga ya kwangu, zikafanana kama mapacha. Kwa hiyo nikajiambia, pedali haina kosa, mkono ndio umekufa kweli. Nikisema nitakuwa nimemwongezea maumivu bure.

Hiyo ndiyo sababu ya kuwaambia watu. Ya pili nimeitunza mwenyewe.

Kwa miaka arobaini, kila jioni mume wangu alikuwa wa watu. Sasa akawa anakaa nyumbani. Tulikunja nguo pamoja, yeye ncha hii ya shuka, mimi ncha ile. Akaanza kuniuliza siku yangu ilikwendaje. Mwanamke wa umri wangu akiulizwa hivyo, ananyamazia mengi.

Miezi minane nilinyamazia.

*

Jumatatu, Besi akaja na uso wa mtu aliyetumwa.

"Shemeji, Kidole amekwambia?"

"Kaniambia nini? Mume wangu siku hizi ananiambia mpaka ndoto zake."

"Amenipa gita. Anasema Jumamosi mchana nije nilichukue. Nikamwambia acha utani, akasema hana utani. Na pedali pia."

Nilikuwa nimeshika kikombe. Nilikiweka chini polepole, nisije nikakidondosha.

"Na wewe umekubali?"

"Ningekataa vipi? Anasema gita likikaa chini ya kitanda analisikia linapumua. Hapati usingizi."

Kidole alikuwa mlangoni, kumbe. Akasema, "Mwache Besi achukue. Mtu akifa wanagawa nguo zake. Mkono umekufa, nagawa gita."

Akaingia ndani. Besi akaniangalia, nami nikaangalia kikombe.

Nikajiambia hivi: nimeshindwa kuwa mke mwema, basi walau niwe fundi mwaminifu. Gita likiondoka, liondoke na pedali yake ya kweli. Nitatoa matumbo kwenye lile kasha jekundu, niyarudishe kwenye la kijani, na siri nitazikwa nayo.

Nikapiga magoti chini ya meza ya kazi, nilikolificha. Nikatoa boksi la redio mbovu, boksi la nyaya, boksi la vitu nisivyovijua ila naviogopa kuvitupa. Jekundu halipo.

Nikapekua tena. Halipo.

Ndipo nikakumbuka nani alihama nyumba hii miezi minane iliyopita.

*

Mjukuu wangu wa kike wanamwita Kiberiti. Nimemlea tangu hajaota meno. Ana miaka ishirini na minne, mwembamba, kichwa chenye moto, na gita amefundishwa na babu yake. Alipohama kwenda kupanga na wenzake wa bendi, aliondoka na sufuria yangu kubwa, mto wangu mzuri, na sasa najua na kitu cha tatu.

Nikampigia simu. "Wewe mke mwenza, umeniibia nini?"

"Sufuria nitairudisha, Bibi."

"Sufuria imekwishakuwa mahari yako. Kuna pedali nyekundu."

"Aaah! Hiyo sirudishi."

Alhamisi nikaenda mwenyewe. Kwenye pochi nilitia pedali ya kijani, imefungwa kwenye taulo, na bisibisi yangu nikaitia mfukoni mwa gauni. Nilikuwa na mpango. Wazee huwa tuna mipango, ni pumzi tu tunazokosa.

Wanafanyia mazoezi kwenye stoo nyuma ya duka la rangi. Ukutani wamegandisha trei za mayai na magodoro ya zamani ili majirani wasiwaloge. Kiberiti alikuwa peke yake. Pedali nyekundu iko sakafuni, rangi yangu ya kucha imeanza kubanduka kwenye kona.

"Mke mwenzangu!" akanikumbatia. "Mume wetu hajambo?"

"Hajambo. Anakunja nguo siku hizi."

Tabasamu likamtoka. "Bado hajagusa gita?"

"Bado."

Sikumwambia habari za Jumamosi. Nilimwambia pedali yake inataka kukazwa nati, anipe niende nayo.

"Thubutu! Jumamosi jioni tuna onyesho. Bibi, hujui umetengeneza nini. Hii ni bora kuliko kopi zako zote. Sikufichi, kuliko zote."

"Kwani zote si ni moja? Nazitengeneza kwa mchoro mmoja."

Akaniangalia kama mtu anayemhurumia mgonjwa. "Ngoja. Hii ya bluu ni ya mwenzangu, nayo umetengeneza wewe. Wewe pedali unazipimaje?"

"Napiga nyuzi zote, ra! Ikinguruma, nafunga skrubu."

"Ndiyo hivyo tu?"

"Ulitaka niipeleke kliniki?"

Akachomeka ya bluu. Akapiga kwa nguvu, ikanguruma. Akachomeka nyekundu, akapiga kwa nguvu, ikanguruma vilevile. Nikasema, "Si umeona? Mapacha."

"Sasa gusa wewe. Polepole. Kama unamwamsha mtoto na hutaki aamke."

"Polepole ya nini? Anayenunua pedali anataka kelele."

"Gusa, Bibi."

Nikagusa. Ile nyekundu haikunguruma kabisa. Sauti ilitoka safi, tupu, kama maji kwenye glasi. Nikaongeza nguvu kidogo, ikaanza kukwaruza pembeni tu. Nikaongeza tena, ikakwaruza tena. Nilipopiga kwa hasira ndipo ikanguruma. Nikarudi polepole, ikatulia. Kila nilichofanya ilinijibu kwa kipimo changu.

Kiberiti akahamisha waya kwenye ya bluu. "Haya. Polepole vilevile."

Nikagusa uzi mmoja kwa ncha ya kucha. Ikanguruma. Nikapunguza mguso, ikanguruma. Nikagusa kidogo mpaka mimi mwenyewe sina hakika kama nimegusa, nayo ikanguruma, sauti ileile, kimo kilekile. Kwake mguso na kipigo ni kitu kimoja.

"Unaona?" mtoto akasema. "Babu alinifundisha kwamba mkono ndio unaozungumza, pedali inaitikia tu. Hizi zako nyingine haziitikii, zinabweka. Kwa kelele ni nzuri, sikatai. Lakini mtu kama Babu, ambaye kazi yake yote iko kwenye kupanda na kushuka kwa mkono, ukimpa hii ya bluu si atadhani mkono wake umekufa?"

Nilikaa chini. Palikuwa na ndoo ya rangi, nikaikalia.

"Bibi? Vipi?"

"Magoti."

Haikuwa magoti. Kosa nililijua pale pale lilipo. Ndani ya pedali kuna vipande viwili vidogo, tunaviita dayodi. Kazi yake ni kuikata sauti kichwa inapozidi kimo, na kule kukatwa ndiko kunakozaa mkwaruzo. Zile za orijino zinaacha nafasi. Sauti ndogo inapita imesimama wima, kubwa ndiyo inayogonga kichwa. Mimi dayodi za aina ile nilizikosa. Nikatumia za kioo, nilizozinyofoa kwenye redio zilizokufa. Hizo ni mlango mfupi. Mrefu anainama, mfupi anainama, hata mtoto anainama.

Nami sikujua, kwa sababu tangu nianze kazi hii sijawahi kuijaribu pedali hata moja kwa upole. Nilizipiga zote. Ukipiga, zote ni sawa.

Kwa hiyo mkono wa Kidole ulikuwa mzima. Siku ile ukumbini ulikuwa mzima. Ulizungumza usiku kucha, na kitu nilichokifunga mimi kikawa kinabweka juu ya maneno yake.

"Bibi, unalia?"

"Ni rangi za humu. Zinawasha macho. Hebu niletee chai. Siyo ya mgahawa wa kwanza, wale wanauza maji ya kuoshea vikombe. Nenda ule wa mbele. Na kitu cha kutafuna."

"Utakaa peke yako?"

"Nitakula godoro? Nenda."

Akaenda. Mlango ulipofungwa tu nikatoa taulo, nikatoa bisibisi. Skrubu nne chini, nati chache juu, matumbo yanatoka mazima kama yai lililochemshwa vizuri. Ya nyekundu nikayarudisha kwenye kijani, kwao. Ya kopi nikayafunga kwenye nyekundu. Skrubu moja ilinidondoka mara tatu.

Aliporudi na chai nilikuwa nimekaa juu ya ndoo, pochi mapajani, mtakatifu kabisa.

"Unakunywa haraka, utaungua," akasema.

"Nina haraka. Mume wetu yuko peke yake."

Akanisindikiza mpaka barabarani, amenishika mkono nisijikwae. Mtoto niliyemlea, nimetoka kumwibia, na ananishika mkono nisijikwae. Niliapa kwamba nitamtengenezea nyingine, yenye dayodi sahihi, wiki ijayo. Onyesho lake la Jumamosi sikulifikiria. Nilimfikiria mtu mmoja tu.

*

Jumamosi Kidole aliamka akalifuta gita kwa kitambaa chake cha uso. Alifuta kila uzi peke yake. Saa nane Besi akafika na mfuko wa gita, mweusi, wenye zipu. Kwangu mimi ulikuwa mfuko wa maiti.

"Kabla halijaondoka," nikasema, "lipige mara moja. Liage."

"Bi mkubwa, usinifanyie hivyo."

"Mara moja. Mimi sijawahi kukuomba upige. Miaka arobaini nimekuomba uache."

Besi akacheka. "Shemeji kasema kweli. Nami nitajua nimepokea gita zima, siyo mbao."

Kidole akatuangalia, akaona tumemzidi kura. Akakaa, akachomeka nyaya. Nikamwekea pedali ya kijani miguuni. Akaikanyaga.

Akagusa uzi mmoja, polepole.

Sauti ikatoka safi.

Nikaona kichwa chake kikiinuka. Akagusa tena, kwa nguvu kidogo, na mkwaruzo ukaja pembeni, kidogo tu, kama alivyouita. Akashuka, ukashuka. Akapanda, ukapanda. Besi akaacha kucheka. Mimi nilikuwa nimeshika mlango kwa mikono miwili, nasema moyoni, haya, haya, rudi nyumbani.

Akaanza wimbo. Ule wa taratibu, aliokuwa akifungia nao kila onyesho. Mstari wa kwanza ulitoka mzima.

Mstari wa pili kifundo cha mkono kikagoma. Akarudia. Kikagoma palepale. Kidole gumba kinatangulia, cha shahada kinachelewa, na ile pedali ya kweli, ambayo haimfichii mtu kitu, ikatoa kila kosa nje, moja moja.

Akaacha.

"Mmesikia," akasema.

"Umekaa miezi minane bila kupiga," nikamwambia. "Kitasa kikikaa hivyo si kinashika kutu?"

"Ajabu ni moja. Siku ile ukumbini vidole vilikuwa vinafika, ila kila nilichogusa kilinguruma sawasawa, kama mkono hauna tena kupanda wala kushuka. Leo kupanda na kushuka kumerudi, vidole ndivyo havifiki." Akacheka kicheko kikavu. "Mungu ananirudishia kwa mafungu."

Mungu hakuwemo humo. Mkono mzima niliuambia umekufa, ukaamini, ukajilaza, ukaanza kufa kweli.

Nikasema, "Baba, kuna kitu…"

Mlango ukafunguliwa kwa teke.

"Bibi! Pedali yako imekufa!"

Kiberiti. Gita mgongoni, nyekundu mkononi, jasho usoni. "Jana usiku tumefanya mazoezi, ikawa inabweka tu! Juzi ilikuwa inazungumza! Nimebadilisha waya, nimebadilisha betri. Leo jioni tuna onyesho. Tengeneza sasa hivi. Shikamoo Babu. Shikamoo Babu Besi. Tengeneza, Bibi!"

Kidole akacheka, kicheko cha kweli safari hii, cha kwanza tangu usiku ule wa ukumbini. "Huyu! Mimi sauti ilipokataa nililaumu mkono. Yeye analaumu pedali."

"Si ndiyo yenye kosa? Mkono wangu naujua."

Mtoto hakujua alichokisema.

"Njoo," Kidole akamwambia, na kumpa gita lake. Nilishangaa. Gita lile hakuwahi kumpa mtu akiwa amelipakata. "Piga kwenye hii ya kijani, usikie pedali inavyotakiwa kuwa. Kisha ukatafute orijino, uachane na kopi za bibi yako."

Kiberiti akakaa. Akagusa polepole, kama alivyonifundisha. Akapandisha, akashusha. Akakunja uso.

"Babu, hii ni ile yangu."

"Yako ni nyekundu."

"Rangi siyo kitu. Nimepiga nayo miezi minane, naijua inavyojibu. Ukifika hapa," akapiga, "inasita kidogo ndipo inakwaruza. Hii ndiyo ile. Ilikuwa kwenye nyekundu mpaka juzi."

"Acha upuuzi."

"Basi piga hiyo nyingine uone."

Kidole akachukua ile nyekundu. Akahamisha nyaya mwenyewe, taratibu. Akachukua gita, akaikanyaga, akagusa uzi mmoja polepole.

Ikanguruma.

Akapiga kwa nguvu. Ikanguruma vilevile.

Akagusa kwa upole kuliko mtu anavyogusa shavu la mtoto mchanga. Ikanguruma.

Sikumwona akikasirika. Nilimwona akizeeka.

"Hii naifahamu," akasema. "Hii ndiyo ya ukumbini. Hii ndiyo iliyoniulia mkono."

"Nani alizihamisha?"

Besi akainua mikono. "Mimi hata balbu nabadilishiwa."

Macho ya Kidole yakaenda kwa mtoto. Macho ya mtoto yakaja kwangu. Mkono wangu ulikuwa mfukoni, umeikamata bisibisi. Akauona mfuko. Akauona uso wangu. Nikamwona anakumbuka ndoo ya rangi, chai, na mgahawa wa mbele. Nikamwona anafika mwisho wa hesabu.

Sikumkonyeza. Naapa sikumkonyeza. Lakini sikufungua mdomo pia.

"Ni mimi, Babu," Kiberiti akasema.

"Wewe?"

"Nilikuwa nacheza tu. Kabla sijahama. Nilitaka kukupima kama utajua."

"Miezi minane," Kidole akasema. "Nilipokuwa nakula kwa mkono wa kushoto kwa sababu wa kulia nimeuogopa, na wewe unakuja hapa Jumapili unakaa mbele yangu, ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

"Mimi niliyekufundisha kushika gita."

"Ndiyo, Babu."

"Toka."

Hakupaza sauti. Angepaza ingekuwa afadhali. Kiberiti akaanza kukunja waya wake, mikono inakosea, waya unamtoroka. Besi akainama kumsaidia, akaona asimsaidie, akasimama tena kando yangu na ule mfuko mweusi.

Nilikuwa na maneno mawili tu ya kusema. Yalikuwa yamekaa kooni miezi minane, na sasa yalikuwa yanamgharimu mtoto nyumba.

Maisha yangu yote nimesema mambo kwa nguvu. Nimetania kwa nguvu, nimegombana kwa nguvu, mapenzi yenyewe niliyasema kama mtu anayefukuza kuku. Siku ile nguvu sikuwa nazo. Nikasema polepole, kama mtu anayemwamsha mtoto.

"Baba. Ni mimi."

Wakati ule ule Kidole akaikanyaga nyekundu na kuziangukia nyuzi zote sita kwa mkono wake wa kulia. Chumba kikajaa ngurumo. Akapiga tena, na tena, kichwa chini, machozi yanadondoka juu ya mbao aliyoifuta asubuhi, na kila pigo linabweka sawasawa na lililopita.

Hakunisikia. Kiberiti alikuwa ameshafika nje, naye hakunisikia.

Lakini mfuko wa gita ulikuwa umeanguka sakafuni kando yangu. Nilipogeuka, Besi alikuwa ananitazama mdomo, kama mtu anayeomba niseme kwamba amesikia vibaya.